Mama Aliponyang'anywa Kisu

Tulihama mtaa wa Shela, Malindi, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Babangu alianza kwa kuuza samaki kwenye hoteli za Watamu, akaja akanunua malori, kisha viwanja vya ufuoni kule Bofa. Miaka hiyo ya themanini watalii walimiminika, na mali ikatujia mbio. Akajenga ghorofa nje ya mji, yenye ukuta mrefu, geti la chuma na bawabu. Mama alipita chumba baada ya chumba, kisha akauliza, "Na jirani yetu ni nani?"

Upande mmoja palikuwa shamba. Upande wa pili, Mtaliano aliyekuja Disemba tu.

Kule Shela mama alikuwa fundi wa pilau. Harusi haikupikwa mtaani asiitwe. Baada ya kuhama mialiko ilizidi, lakini ilikuja kwa kadi. Tulikalishwa mbele, tukaletewa sahani yetu peke yetu. Waliokuwa wakimwita shoga sasa walimwita bimkubwa. Nyumbani kwetu walikuja pia, ila kila mmoja na lake: karo ya mtoto, kazi ya mume, dawa. Mama alitoa. Alichokosa ni mtu wa kuja bila haja.

Ikafika harusi ya binti wa jirani yetu wa zamani. Mama alivaa leso kuukuu, akachukua kisu chake cha jikoni, tukaenda asubuhi mapema. Uani wanawake walikuwa wakimenya vitunguu na kucheka. Tulipoingia, wakanyamaza. Mama akavuta kibao, akaketi, akaanza kumenya. Mwenye harusi akaja mbio.

"Bimkubwa, usijisumbue. Utanuka vitunguu bure."

"Mbona miaka yote nikinuka vitunguu humu humu ndani?"

Wakacheka kidogo, kwa adabu. Mwenye harusi akamtoa kisu mkononi taratibu, akampeleka sebuleni, akamletea soda. Mama hakuinywa.

Jioni alimwambia baba, "Ile nyumba ya Shela usiiuze. Nataka niwe nikishinda kule."

"Watu watasema nimekufukuza."

"Na waseme."

Akawa anakwenda kila asubuhi na kurudi alasiri. Miezi ya mwanzo walimjia wale wale wenye shida zao, tofauti ni kwamba hapakuwa na geti. Nilidhani atachoka. Kisha siku moja alirudi akicheka, anashika mbavu. Maji yake ya kufulia yalikuwa yametiririka hadi mlangoni kwa jirani, na jirani huyo akatoka akamfokea mtaa mzima ukisikia: "Mali imekupofusha macho? Hujui maji hukimbilia bondeni?"

"Nawe ukamjibuje?" baba aliuliza, uso umemkunjika.

"Nilimjibu! Kwani mie bubu?"

Wiki haikuisha, jirani huyo akamletea bakuli la mchuzi wa papa, akaketi hadi adhuhuri, hakuomba kitu.

Baba hakupata mtu wa kumfokea. Wavuvi aliokuwa akila nao zamani walisimama alipopita, wakamwita tajiri. Mchana alikula peke yake kwenye meza ya watu kumi na wawili. Nikirudi kutoka shule kule Shela nilikaa naye, naye akiniuliza habari za Shela: nani kaoa, nani mgonjwa, nani amekufa yeye asiambiwe.