Marashi Hakuwahi Kushindwa

Redio ikifukizwa udi hutoa harufu ambayo sijaikuta tena popote: juu moshi mtamu wa udi, chini yake plastiki inayopata moto. Kila Jumapili jioni, kabla ya habari za michezo, shangazi yangu Zuhura alikuwa akiishusha redio yetu kutoka kabatini, akaiweka juu ya kiti na kupitisha chetezo chini yake huku midomo ikimchezacheza kwa dua. Alikuwa akimkinga na husuda farasi mmoja wa Nairobi aliyeitwa Marashi. Farasi mwenyewe alikuwa mbali, safari ya usiku kucha kwa gari moshi, wala hakujua kama duniani kuna Mji wa Kale au mwanamke anayeitwa Zuhura. Lakini habari za ushindi wake zilipita ndani ya redio ile, na shangazi alishikilia kwamba jicho baya halikati tiketi. Baba yangu, karani wa bandarini, alikuwa akitazama moshi ukiingia kwenye spika na kusema redio hii itakufa kwa ugonjwa wa mapafu. Haikufa. Iliuawa na paka miaka mingi baadaye, alipoiangusha kutoka kabatini.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na moja, na ilikuwa miaka ya tisini, wakati ambapo mtu akitaka matokeo ya mchezo wowote alikaa akasubiri atangaziwe. Shangazi alikuwa amerudi kwetu baada ya kuachwa. Mumewe alimpa talaka kwa kuwa hakuzaa, akaoa mwingine upande wa Kisauni, na wanawake wa mtaani walikuwa wakimwambia pole kwa ile sauti ya watu waliokwisha kufurahi. Aliwadharau wote bila ubaguzi, na mimi nilijifunza kudharau kutoka kwake kama wengine wanavyojifunza kupika. Kazi yake ilikuwa kufunga vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani vya kubana kifuani, kwa ajili ya maharusi, na kuuza marashi ya waridi katika chupa ndogo ndogo. Siku moja redio ikasema Marashi ameshinda tena Nairobi. Akadhani ni tangazo la mfanyabiashara mwenzake, akanituma nikaongeze sauti. Alipojua kwamba Marashi ni farasi, tena farasi jike, na kwamba hakuna dume lililowahi kumtangulia kufika mwisho, basi yakawa yamekwisha. Akawa wake.

Baba alikuwa akirudi na gazeti la Kiingereza kila Jumatatu, na kazi yangu ilikuwa kumsomea shangazi ukurasa wa farasi huku nikimfasiria. Ndivyo na mimi nilivyonaswa. Marashi alikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, mguu mmoja wa nyuma mweupe kama aliyekanyaga chokaa. Mbio zake zilikuwa zile za uwanja mtupu, zisizo na viunzi vya kuruka, ambapo hakuna kisingizio ila kasi. Nusu ya kwanza alikimbia nyuma ya wenzake kama mtu aliyelazimishwa kuja. Kwenye kona ya mwisho alijitenga akaenda ukingo wa nje, ambako njia ni ndefu zaidi lakini hakuna wa kumziba, halafu akaanza kuwapita mmoja mmoja. Mbio fupi alishinda, ndefu alishinda, na kwenye matope ya masika alishinda akiwa safi kuliko wote, kwa sababu matope hurushiwa walio nyuma, naye siku hizo za matope hakukubali kukaa nyuma. Gazeti liliandika kwamba mpandaji wake hakuwa na haja ya kumgusa kwa fimbo. Shangazi alinifanya niisome sentensi hiyo tena, na Jumatatu iliyofuata akaniuliza kama imeandikwa tena. Majina ya farasi wengine waliokuwa wakishindana naye nimeyasahau, na sioni hasara.

Tulikaa ghorofani, ngazi kumi na mbili kutoka mlangoni, na chini ya dirisha letu palikuwa na baraza ya mawe, na barazani palikuwa na wanaume. Sijui ni nani aliyewaambia wanaume wa kichochoro kile kwamba kukaa ni kazi. Walikunywa kahawa chungu na kujua kila kitu: bei ya dhahabu, siri za serikali, dawa ya kisukari. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda farasi. Baadhi yao hata baiskeli walishikiliwa. Lakini Marashi alipoendelea kushinda wakaanza kusema "farasi wetu", na kusimulia kwa mikono jinsi alivyokata kona, mambo ambayo walikuwa wameyasikia kutoka dirishani kwetu nikiyasoma. Wawili walikuwa na mtu Nairobi wa kuwachezea kamari, na siku ya Ijumaa walikuwa safu ya mbele msikitini. Watu wa namna hii humpenda mshindi kama nzi wapendavyo halua.

Mmoja tu ndiye aliyempinga Marashi, naye alikuwa Ami Faraji, fundi wa stovu za mafuta ya taa, aliyekuwa na duka lake mkabala na mlango wetu. Alikuwa mrefu, amefiwa na mkewe, watoto wake wamekwisha oa na kuolewa, kofia yake imepigwa pasi kila siku ya Mungu. Sauti yake ilikuwa nzuri, siwezi kumnyima hilo. Tangu shangazi arudi kwetu alikuwa akimtania kuhusu kumposa, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, na shangazi alikuwa akimjibu kutoka dirishani, naye hakuwa akifunga dirisha. Siku hizo magazeti yalianza kulisifu dume moja jeusi, changa, lililokuwa linashinda kama Marashi, na ikatangazwa kwamba wawili hao watakutana. Ami Faraji akaweka chini stovu aliyokuwa akiizibua, akatazama juu.

"Bi Zuhura! Huyo farasi wako miaka yote yuwashindana na punda. Sasa yuwaja dume la kweli."

"Dume la kweli nimeishi nalo nyumba moja," alijibu shangazi. "Sikuliona likikimbia, ila siku ya kuikimbia nyumba."

Baraza nzima ikacheka. Ami Faraji naye akacheka, kisha akavua kofia, jambo ambalo sikuwa nimemwona akilifanya.

"Basi tuwekeane. Marashi akishindwa, waikubali posa yangu."

"Hiyo n'kamari."

"Kamari ina pesa. Hili n'neno tu, langu na lako."

Shangazi akaegemea dirisha. "Haya. Akishindwa, leta posa, sitakataa. Akishinda, usinitaje tena hapo barazani, hata kwa mzaha."

"Wallahi nimekubali," akasema, na wale wengine wakawa mashahidi, kazi pekee waliyoiweza.

Jumapili ya mbio hizo shangazi aliifukiza redio hadi nikakohoa. Barazani walijaa hadi wengine wakasimama, na redio ikawekwa dirishani ili wote wasikie. Mtangazaji alisoma mpira wa miguu, akasoma ndondi, akasoma riadha, na mwisho kabisa, kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda nyumbani, akasema lile dume jeusi limeshinda Nairobi. Marashi hakutajwa. Kelele zilizotoka chini sijazisahau. Waliokuwa wakisema "farasi wetu" wiki iliyopita sasa walisema wao walijua zamani, jike litafika wapi. Ami Faraji aliinua kikombe chake cha kahawa juu kama kombe la fedha. Shangazi akaizima redio, akairudisha kabatini, akakaa kwenye kile kiti. "Hawezi kushindwa," aliniambia. "Ngoja gazeti."

Gazeti likaja. Nilisoma, nikaona sijaelewa, nikasoma tena. Marashi hakuwa amekimbia. Asubuhi ya mbio mwenye farasi alikuwa amemwondoa, akasema hatashindana tena maisha yake. Atapelekwa shambani akazae, na jina lake libaki la farasi ambaye hakuwahi kushindwa. Picha ilimwonyesha bwana huyo amevaa kofia pana ya jua, ameshika hatamu, anatabasamu. Nyuma yake Marashi alikuwa ameinua kichwa, anatazama upande ambako bila shaka ndiko kulikokuwa na uwanja.

"Ni mgonjwa?" shangazi aliuliza.

"La."

"Achechemea?"

"La. Gazeti lasema ni mzima kabisa."

Akaweka kidole chake juu ya ule mguu mweupe. "Basi wamemvika uoga usiokuwa wake," akasema.

Namdharau bwana yule hadi leo, na sijapata sababu ya kupunguza. Mungu alimpa kiumbe ambacho hakikujua kuogopa, naye akaogopa kwa niaba yake, kisha akauita uoga huo rekodi. Marashi angekimbia. Ningekuwa na shaka juu ya mambo mengi, lakini si hilo. Angekaa nyuma, angetoka nje kwenye kona ya mwisho, na kama lile dume lilikuwa na kasi zaidi, angelifukuza hadi mstarini. Ningempenda vile vile akiwa wa pili, na nafikiri ningempenda zaidi.

Chini, baraza iligeuka mahakama. Wengine walisema hajakimbia kwa hiyo hajashindwa, na Bi Zuhura yuko salama. Wengine wakasema aliyeondolewa amepigwa. Mmoja akapendekeza aulizwe sheikh. Hoja ya usalama ilikuwa inashinda. Shangazi hakuhitaji kufanya lolote ila kunyamaza. Badala yake alifungua mbawa zote mbili za dirisha.

"Sikizeni. Asiyekuja uwanjani ameshindwa, sina mwanasheria mimi. Neno langu n'shalitoa. Bwana Faraji, leo baada ya Maghrib ndoo hapa juu na nduguyo. Kaka yangu atakungojeani."

Ami Faraji alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama humo. "Inshallah," akasema.

Nilidhani ni hasira iliyomfanya shangazi aseme vile, dharau tu kwa bwana wa kofia pana. Jioni ile ndipo nilipoona sivyo. Alitoa leso ambayo ilikuwa bado haijakatwa, akanipa nimpindie. Kile chetezo cha redio akakiweka sakafuni, akazifukiza nywele zake mwenyewe. Kisha akajifungia kikuba, cha kwanza nilichomwona akijifungia yeye baada ya mamia aliyowafungia wengine, akakibana kifuani na kuniuliza kama kimekaa sawa. Kilikaa sawa. Alikuwa mzuri, na sikuwa nimewahi kuliwaza jambo hilo. Baba alivaa kanzu na kofia akakaa sebuleni, mbele yake halua na deli la kahawa, akikohoa kila zilipopita nyayo kichochoroni. Nyayo zilikuja, zikapita. Nyingine zikaja, zikapita. Ilipoadhiniwa Isha baba alivua kofia, akakata kipande cha halua akala bila kumtazama mtu. Shangazi akakibandua kile kikuba kifuani, akakitia katika glasi ya maji kisinyauke, kwa sababu siku ya pili yake kulikuwa na harusi na asumini zilikuwa ghali.

Asubuhi duka la stovu lilikuwa na kufuli. Tukaambiwa Ami Faraji ameenda Malindi kumtazama dada yake, dada ambaye hatukuwahi kumsikia akitajwa. Alirudi baada ya wiki nyingi, akaketi mahali pake pa zamani, akaanza kuzungumzia mpira. Wenzake wakasogea wakampa nafasi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Walikuwa wamewahukumu farasi wa nchi nzima, lakini mtu aliyekimbia ngazi kumi na mbili hawakuwa na la kumwambia.

Siku hizi kichochoro chetu kinapigiwa honi na tuktuk, na watoto wa wale wanaume wamekaa pale pale pa baba zao, kila mmoja ameinamia simu yake, akiweka pesa kwa timu za miji asiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Najitahidi kuwadharau kama wanavyostahili. Lakini angalau wao huweka kitu, hupigwa, na kesho yake hurudi wakiwa wamepigwa. Baba zao walikaa maisha yao yote bila kupoteza hata mara moja, kwa kuwa hawakuweka chochote. Stovu za mafuta hakuna tena wa kuzitengenezesha. Ami Faraji ni mzee sana sasa, kofia bado ina pasi, na kila nikija kumwona shangazi hunisimamisha mlangoni kwa sauti ile ile nzuri. "Shangazi yako hajambo? Mwambie Faraji yuwamsalimu."

Safari iliyopita nilizifikisha salamu. Shangazi alikuwa dirishani, magoti yamemchoka, hashuki tena chini, lakini asumini bado zilikuwa mapajani mwake.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Barazani."

"Ni mgonjwa?"

"La."

"Achechemea?"

"Hachechemei, shangazi. Ni mzima kabisa."

Akachagua ua moja, akalitunga uzini. "Basi mwambie ngazi ziko pale pale."

Nilishuka nikamwambia, neno kwa neno. Ami Faraji alicheka kidogo, akatazama juu dirishani, akaiweka sawa kofia yake. Kisha akamwita muuza kahawa, akamwomba amwongezee kikombe kingine.