Birika Lisilowekwa Motoni

Enzi zetu katika kambi ya wakimbizi Kigoma, majani ya chai yalichemshwa mpaka yakate tamaa. Mama aliyatupa kwenye sufuria nyeusi, moshi wa kuni ukatutoa machozi, na sukari ikiwepo tulijua ni siku njema. Tulibanana na vikombe vyetu vya bati. Hakujaza kimoja kwanza. Alimimina kidogo kidogo, akizunguka, ili kila mtoto apate chai ya rangi moja, maana tulikuwa wagomvi. Chake hakikuwemo. Tukimuuliza, alisema, "Nimeshakunywa jikoni." Nasi hapo hapo jikoni ndipo tulipokuwa tumekaa.

Sasa yuko nami hapa Guildford, Uingereza. Daktari alipomkataza sukari, alisusa chai kabisa. Saa ya chai anabaki chumbani peke yake, na hilo linaniuma. Nikanunua chai ya kijani, isiyohitaji sukari, na birika la Kijapani la udongo. Mama akalibandika kwenye jiko la gesi, likapasuka.

"Birika gani linaogopa moto?" akauliza, wala hakujuta.

La pili nililichagua kwa makini: dogo, mkono wake uko ubavuni, kifuniko hakichezi, na ndani ya mdomo kuna kichujio cha udongo. Muuzaji, mama wa Kijapani, alinielekeza. Maji yakichemka uyaache yapoe kidogo, la sivyo chai itakuwa chungu. Usilioshe kwa sabuni. Halafu umimine kidogo kidogo ukizunguka vikombe vyote, mpaka tone la mwisho, ndilo lenye ladha zaidi. Nikacheka peke yangu pale dukani.

Jumamosi nilimwita Mama mezani, nikampa birika bila maelezo. Akaanza kumimina akizunguka vikombe. Wanangu wawili, ambao kwao chai ni kifuko ndani ya kikombe na simu mkononi, waliweka simu chini wakatazama. Vikombe vilikuwa vinne. Yeye akamimina kwenye vitatu.

"Bibi, where's yours?" akauliza mdogo.

"Nimeshakunywa jikoni."

Nikamshika mkono, nikauelekeza mdomo wa birika kwenye kikombe cha nne mpaka tone la mwisho. Akaonja, akakunja uso.

"Haina sukari hii," akasema. Akaimaliza.

Kwa moshi ule, kelele zile na kubanana kule, naona enzi zetu zilikuwa bora. Ila katika duara lile kikombe cha Mama hakikuwemo. Huku kimo.