Alifukuza magari kwa heshima ya wageni, nusura akose geti la reli

Saa kumi na mbili na dakika arubaini asubuhi, Maurine Naliaka anapuliza filimbi na kuingia katikati ya barabara, bendera nyekundu mkononi. Lori la mchanga linafunga breki. Pikipiki tatu zinajaribu kumpita kando, na hapo ndipo anapowaka.

"Wewe wa helmeti ya kijani! Haraka ya nini? Huko unaenda kuna harusi?"

Ng'ambo ya reli, Wamucii, muuza mahindi ya kuchoma, ananyanyua beseni lake jekundu juu ya kichwa. Magari ya upande ule yanasimama pia. Treni ya abiria kutoka Kikuyu inapita kwa honi ndefu kuelekea katikati ya jiji, na watu wanaanza kuvuka hata kabla vumbi halijatulia.

"Bendera ni moja na barabara iko na pande mbili," Naliaka anasema akicheka. "Kwa hivyo huyu mama wa mahindi ndiye serikali ya upande ule. Halipwi, lakini jaribu kumpita uone."

Hiki ni kivuko cha Kwa Gathoni, kati ya Uthiru na Dagoretti. Hakina geti, hakina taa, hakina kengele. Kina Naliaka, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka 43, mzaliwa wa Bungoma, ambaye amesimamisha magari hapa kwa miaka tisa kwa Sh650 kwa siku. Bendera yenyewe aliishona kutoka kwa sketi yake ya zamani ya kwaya. Aliyopewa kazini ilipauka ikawa ya waridi, na kwa maneno yake, hakuna dereva wa Nairobi anayesimama akiona rangi ya waridi.

Usimwone akicheka ukadhani kazi ni mchezo. Machi mwaka jana, gurudumu la pikipiki ya Maina, mhudumu wa bodaboda, lilinasa kwenye reli treni ikiwa tayari imepiga honi. Naliaka alitupa bendera akamkamata kola.

"Maina anavuta pikipiki, mimi navuta Maina," anakumbuka. "Nilimshinda nguvu, Mungu asifiwe. Pikipiki ilisagwa yote. Halafu nilikaa chini nikalia kama mtoto."

Ndiyo maana aliposikia kwamba serikali imetenga fedha za kuweka mageti na taa kwenye vivuko hatari vya reli, hakulala. Uvumi ulimfikia kupitia mwenyekiti wa wachuuzi: maafisa kutoka mjini watakuja Jumatano kukagua Kwa Gathoni.

Sasa mwambie Mkenya kwamba wageni wakubwa wanakuja, uone atakachofanya.

Naliaka alifagia kivuko kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Aliwahamisha wachuuzi wote, Wamucii na jiko lake wakiwemo. Bodaboda aliwaomba wapitie barabara ya chini kwa siku moja tu. Malori ya mchanga aliyageuza yeye mwenyewe, na mikokoteni ikaambiwa isionekane kabisa. Hata mawe ya kando ya reli yalipakwa chokaa.

"Palipendeza, wee!" anasema Wamucii. "Ungedhani ni kwa balozi. Nilimwambia Naliaka, leo hawa watu wakituona hivi watatupatia geti mbili."

Maafisa wawili walifika, wakakaa kwenye viti vya plastiki kutwa nzima, wakanywa chai ya Naliaka na kuondoka wakishukuru. Miezi miwili baadaye orodha ya vivuko vitakavyofadhiliwa ikatoka. Kwa Gathoni haikuwemo.

Naliaka alipiga simu. Aliyepokea ni Muthama, mmoja wa maafisa waliokunywa ile chai.

"Madam, kivuko chenu ni kizuri sana, lakini hakina watu. Tulihesabu magari 212 tu, na pesa zinaenda pale panapopita wengi."

Walikuwa wamekuja kuhesabu!

"Nilijisikia vibaya, aki," Naliaka anasema, mkono kifuani. "Ni mimi nilifukuza hayo magari. Nikafikiria Maina. Nikasema, mtu akifa hapa sasa, ni usafi wangu umemuua."

Hakuwa na ruhusa ya mtu yeyote kugeuza magari, na kukiri kungeweza kumfanya afutwe kazi. Wamucii alimshauri anyamaze. Naliaka alivaa nguo zake za kanisa, akaenda hadi ofisini kwa Muthama, Upper Hill, na kusema ukweli wote, chokaa na chai pamoja.

"Nilicheka mpaka nikavua miwani," Muthama anakiri. "Halafu nikaona mama wa watu analia. Nikamwambia, rudi nyumbani, nitakuja tena. Lakini safari hii, tafadhali, usifagie."

Alirudi Jumanne moja yenye manyunyu, bila kutangaza siku. Kwa Gathoni ilikuwa jinsi ilivyo kila siku: malori, mikokoteni, ng'ombe wawili, na bodaboda aliyebeba kochi. Muthama alibonyeza kimashine chake cha kuhesabia hadi kidole kikafa ganzi. Kila alipohesabu alirudi nyuma kidogo ili aone vizuri, na mara ya mwisho alirudi nyuma hadi kwenye mataruma ya reli. Hakusikia honi.

Wamucii aligonga beseni kwa koleo la makaa. Naliaka akaruka, akamvuta afisa kwa mkanda wa suruali, na treni ikapita.

"Nilihesabu 4,386," Muthama anasema. "Naye alinihesabu mimi, wa pili baada ya Maina."

Barua ilikuja mwezi uliopita. Kwa Gathoni itapata geti, taa na kengele, na kazi itaanza mara mvua zitakapokwisha. Naliaka atafundishwa kuendesha geti hilo akiwa kwenye kibanda chenye kiti. Maneno "chenye kiti" ameyasoma mara nyingi hadi karatasi imechanika kwenye kunjo. Wamucii naye ameahidiwa beseni jipya, zawadi ya Maina.

Lakini siku ya kwanza ya geti, Naliaka hatakuwa kazini. Ameshaomba ruhusa.

"Miaka tisa nasimamisha watu, na wote wananitukana," anasema, akiibana bendera kwapani. "Hiyo siku nataka nije na kikapu changu, geti inifungie, nisimame hapo nyuma ya lori nikilalamika kama wao. Niseme, aii, hii geti nayo! Inatuchelewesha!"