Barua Iliyonipeleka Majini

Bwawa la Mindu wakati wa kiangazi hunuka matope yanayokauka, majani yaliyooza na samaki wadogo walionaswa kwenye madimbwi ya pembeni. Hata leo nikipita barabara ya Mzumbe harufu hiyo ikanifikia, huwa na miaka kumi na minne tena: nimemaliza darasa la saba, nangoja matokeo, na miguu imenitota hadi magotini. Msimu ule wafadhili kutoka Ulaya walikuwa wametuletea mashua sita ndogo za tanga moja, nyepesi kama mabeseni, ili vijana wa Morogoro wajifunze kuziendesha na baadaye wapate kazi za ubaharia. Watu walicheka. Mluguru na bahari wapi na wapi? Sisi tumezaliwa tukitazama mlima.

Baba yangu hakucheka. Alikuwa fundi baiskeli pale Bigwa, mtu mkimya ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata grisi. Kila Jumamosi alifunga kibanda chake, akanipakia kwenye karia ya baiskeli hadi bwawani, kisha akakaa kwenye nyasi kutwa nzima akinitazama. Mimi nilikuwa wa wastani tu. Mwenye kipaji alikuwa rafiki yangu Zuhura wa Mwembesongo. Upepo wa Uluguru hushuka ghafla, ukakupiga kibao upande huu kisha upande ule, lakini Zuhura aliusikia shavuni kabla haujafika. Alijua kubisha, yaani kuipeleka mashua kinyume cha upepo kwa kukata huku na huku, wakati sisi wengine bado tunazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Mvua za vuli zilipokaribia, mratibu wa mradi, Mwalimu Gaspa, ambaye Jumamosi hakuwa akija bwawani, alituambia kwamba wafadhili wangemchukua mtoto mmoja wamsomeshe Dar es Salaam, sekondari pamoja na ubaharia, hadi apate cheti. Kila mmoja wetu aandike barua.

“Andikeni shida zenu,” alisema. “Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aliyeshiba hapewi.”

Zuhura aliandika kwamba baba yake ni fundi cherehani, mama yake anauza vitumbua, nyumbani wanakula vizuri, na yeye anaupenda upepo. Mimi niliandika kwamba baba yangu amefariki. Nilijiambia kuwa ni karatasi tu, itakwenda Ulaya, itasomwa na watu wasionijua. Nikachaguliwa.

Siku ya kutangazwa, wageni walikaa chini ya turubai, wazazi wakasimama nyuma. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Sikujua kwamba barua ingesomwa. Mwalimu Gaspa aliisoma kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya msibani: jinsi Baba alivyougua, jinsi tulivyomzika, jinsi Mama alivyobaki hana uwezo. Nilitazama matope yaliyokauka kwenye vidole vyangu vya miguu. Alipomaliza, mgeni mmoja mwanamke alimnyooshea Baba kidole, pale aliposimama na baiskeli, ndala zangu zimefungwa kwenye karia.

“Mzee, shikamoo,” Mwalimu Gaspa akamwita. “Wewe ni nani wake huyu binti?”

Baba alinitazama. Sikuona hasira, alinitazama kama anavyotazama gurudumu lililopinda, akitafuta pa kuanzia.

“Marahaba,” alisema. “Mimi ni mjomba wake.”

Wakapiga makofi. Wakampiga picha akiwa amenishika bega.

Asiye Mluguru huenda asielewe. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba. Mashamba, mahari, hata jina la ukoo, vyote hupita upande ule. Baba alikuwa amebakiwa na kuitwa Baba tu, nami nikamnyang’anya mbele ya watu.

Njiani nilimwita. “Baba…”

“Shika vizuri,” alisema. “Kuna mashimo.”

Dar nilikaa miezi minane. Nilijifunza mafundo ya kamba na kusoma mawingu, kisha ikaja taarifa kwamba wafadhili wamehamishia fedha zao kwenye mambo mengine. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilirudi bila cheti, nikakuta mradi wa Mindu umefungwa na mashua tano zimepasuka kwa jua; ya sita wafugaji walikuwa wakiitumia kunyweshea ng’ombe. Nilijaribu kuomba kazi kwenye boti. Kila mahali waliuliza cheti, na kila mahali nilianza kueleza.

Sasa nauza madaftari na kalamu Mwembesongo. Mkabala nami Zuhura anashona sare za shule. Tunasalimiana vizuri, tunaachiana maduka, yeye akienda kuswali, mimi nikienda kununua chakula, lakini hajawahi kuniuliza niliandika nini. Nadhani anajua.

Mwaka jana nilikwenda Bigwa kumwomba Baba radhi. Macho yake yamefifia, hawezi tena kufunga spoki. Nilimkuta akimenya mihogo kwa kupapasa. Nilipoanza tu kuitaja barua, aliinua mkono kuninyamazisha.

“Ungepata ile kazi, mwanangu,” alisema, “isingekuwa na neno.”

Nilichukua kisu kingine, nikakaa, nikamsaidia kumenya.