Ving'ora Vinavyoitana

Dada yangu mkubwa alikuja kukaa kwetu Butembo na mtoto wake wa kike na sufuria moja. Walikuwa wamelala majuma kadhaa Bungulu, kule Beni, kwa shemeji zake, mpaka shemeji nao wakachoka. Kabla ya hapo alikuwa akiishi mbele ya Mavivi, akilima kakao pamoja na mume wake, na mama yetu alikuwa akiishi nao kwa sababu ya joto. Baridi ya huku ilimuumiza magoti.

Wale watu wa msituni walifika jioni, wakati wa kupika. Walimuua shemeji yangu, wakamuua mama, wakachoma nyumba. Dada alikuwa kwenye kakao akiokota kuni, mtoto mgongoni. Alilala chini, akamziba mtoto mdomo, akasikiliza mpaka kukawa kimya. Alinisimulia hayo mara moja tu, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi iko wapi.

Habari iliponifikia nilikuwa nachagua maharagwe niliyoyanunua soko la Musienene, maana kazi yangu ni kuuza maharagwe. Niliendelea kuchagua. Wakati wa matanga nilipika, nikagawa chai, nikamjibu kila mtu asante. Majirani walisema nina moyo mgumu. Haukuwa mgumu, haukuwapo. Nilikuwa nangoja kulia kama mtu anavyongoja zamu yake kwenye bomba la maji, na zamu haikufika.

Tulimpa dada chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, nilimokuwa naweka magunia. Alikiri kwamba ni kizuri. Angekiri hivyo hata kama tungempa choo. Lakini Butembo si Beni. Huku juu ukungu huingia mpaka ndani ya blanketi, na mtoto wa kakao hajui sweta. Basi kila jioni dada aliingiza mbabula chumbani, lile jiko letu la makala, yaani makaa, akaliweka karibu na godoro. Nikamkataza, akaitika. Nikalichukua, mtoto akaanza kukohoa, nikalirudisha mwenyewe kwa aibu, nikamwambia alau aache dirisha wazi na makala ayawashie nje.

Asubuhi moja nikiwa uani nilisikia harufu ya godoro linaloungua. Niliusukuma mlango. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo, mikono magotini, anatazama. Pembe ya godoro ilikuwa imekuwa nyeusi na moshi ulikuwa unapanda taratibu, na mtoto alikuwa amelala kwenye pembe nyingine, mdomo wazi. Nilinyakua beseni la maji ya kunawa nikamwaga, juu ya godoro na juu ya mtoto pia.

“Yaya!” nikapaza sauti, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. “Juu ya nini hukuita?”

Akanitazama kama nimemuuliza jambo la shuleni.

“Kuita nani?” akasema.

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Hasira ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimebaki hai ndani yangu siku zile, nami niliitunza vizuri. Nilimwambia mume wangu kwamba siku moja tutaamka tukute majivu, na dada atakuwa amekaa kwenye kiti kile kile, amenyamaza. Kelele kwake ilikuwa kifo. Aliyepiga kelele kule shambani ndiye aliyepatikana. Aliyenyamaza ndiye aliyekuwa ameketi mbele yetu anakunywa chai. Ungemfundishaje tena kuita?

Mume wangu ni fundi wa pikipiki, na fundi hapendi swali lisilo na kifaa. Akaniambia kuna duka mjini linaleta vitu kutoka Dubai, wana mashine ndogo inayosikia moshi ikalia. Tukaenda.

Kijana wa dukani alituwekea mezani aina mbili, zote nyeupe, duara, kama visahani vya chai.

“Mama, hii inaliaka peke yake, mule chumba yenye inafungwa,” akasema. “Mais hizi zinaitana. Moja ikisikia moshi, zote zinalia, hata kama iko kwa chumba ingine.”

“Bila waya?”

“Bila waya. Donc moto ikiwa kule nyuma, wewe mwenye unalala mbele unasikia.”

Mume wangu alishika ile ya kwanza. Mtu wa karakana huamini kitu kisicho na siri. Nikamwambia, wewe, hizi za kuitana ni masufuria ya kartiye, ya mtaa wetu. Akaelewa papo hapo. Kwetu mwizi akiingia, anayemwona huchukua sufuria akaipiga kwa mwiko; jirani akisikia hupiga yake, na wa tatu, mpaka avenue nzima inalia na mwizi hajui akimbilie wapi. Hakuna anayeuliza kwanza kuna nini. Unasikia, unapiga. Chumba cha dada kilihitaji sufuria inayojipiga yenyewe, na nyumba yetu ilihitaji ya kuijibu. Tukachukua vitatu vya kuitana.

Kuvichagua kulikuwa rahisi kuliko kuvifunga, kwa sababu mume wangu alitaka kimoja kikae saloni, yaani sebuleni, juu ya televisheni. Kwetu kitu kipya hukaa saloni mpaka wageni wakione. Ndivyo tulivyofanya na friji kabla hatujawa na umeme wa kuitosha. Nilitaka vyote viwe vyumbani, watu wanakolala. Mwishowe kimoja kikapata saloni, ndoa iendelee. Cha pili tukakifunga mlangoni pa chumba chetu. Cha tatu kwa dada, katikati ya dari, mbali na pembe, kama picha za kwenye karatasi zilivyoonyesha, maana moshi hufika pembeni mwisho. Mimi nilishika kiti, mume wangu akatoboa triplex, ile mbao nyembamba ya dari, vumbi likatuingia machoni. Halafu unabonyeza kimoja, kinawaka taa. Unabonyeza kingine, kinawaka. Hapo vinakuwa vimejuana.

Kabla ya kujaribu nilimwendea dada, aliyekuwa akifua uani. Nikamwambia, yaya, sasa itapiga kelele, ni sisi tu, hapana ogopa. Akasema ndiyo. Mume wangu akabonyeza cha saloni.

Sijawahi kusikia kitu kama kile ndani ya nyumba. Vyote vitatu vililia pamoja, mbele na nyuma, sauti ya kuchoma masikio. Na mchana kweupe mama jirani akachukua sufuria. Kabla mume wangu hajaondoa kidole chake, avenue nzima ilikuwa inapiga, filimbi zinalia, wanaume wamejaa uani na mapanga.

“Mwizi iko wapi?” mzee mmoja akauliza, anahema.

“Hapana mwizi, papa. Ni mashine ya moshi.”

“Moshi iko wapi?”

“Hapana moshi.”

Wakatazamana, kisha wakacheka mpaka wakaketi chini, na mume wangu akawapeleka saloni kwa makundi kwenda kukitazama. Mtu mmoja aliuliza kama ni kamera. Mimi nami nilikuwa nacheka, nikageuka nimwone dada anacheka. Nguo zilikuwa kwenye maji. Yeye hakuwapo.

Nilimkuta nyuma ya choo, katikati ya migomba, amelala juu ya mtoto. Mkono wake ulikuwa mdomoni mwa mtoto. Nikapiga magoti nikamwita polepole.

“Imeisha?” akauliza.

“Imeisha, yaya.”

Alipoondoa mkono, vidole vyake vilikuwa vimechorwa kwenye mashavu ya mtoto. Mtoto hakulia. Alijua kazi yake. Nikawaona wote wawili na sikuhisi kitu, isipokuwa kwamba umande wa migomba ulikuwa umenilowesha magoti. Nikawaingiza ndani, nikaenda kumalizia kufua.

Toka siku ile dada alikivalisha king'ora chake kofia. Nasema kofia: ile ya sufu ya mtoto, niliyomfumia kwa ajili ya baridi. Aliivuta mpaka chini, ikakaza. Nikaitoa, nikamweleza kwamba moshi hauwezi kuingia, akaitika. Kesho yake ilikuwa imerudi. Tulikwenda hivyo, yeye akivalisha, mimi nikivua, bila ugomvi na bila neno. Mume wangu alisema tukifungue tu, tumwache mtu na amani yake. Nikamwambia ile si amani. Ila sikujua ni nini, kwake wala kwangu mwenyewe.

Ikaja Jumapili moja, tunajiandaa kwenda misa. Mume wangu alikuwa na fulana ya ndani tu, mimi nafunga kitenge. Cha mlangoni kikalia. Cha saloni kikalia. Nikasema, ni godoro. Akachukua ndoo, nikachukua blanketi lenye maji, tukavuka ua mbio.

Hapakuwa na moshi. Mbabula lilikuwa nje, baridi, na majivu ya jana. Kitandani mtoto alikuwa anatingishika mwili mzima, macho yamegeuka, povu mdomoni. Homa aliyokuwa nayo tangu jana ilikuwa imempanda kichwani. Na dada alikuwa amesimama juu ya kile kiti kidogo, mkono juu, kidole gumba kwenye kitufe. Kofia ilikuwa sakafuni.

Mume wangu aliacha ndoo, akambeba mtoto, akatoka. Uani masufuria yalikuwa yameshaanza, na mara hii hakuna aliyeuliza mwizi. Mama jirani alipanda pikipiki nyuma ya mume wangu na mtoto mapajani, wakashuka kwenda kwenye kituo cha afya, yeye na fulana ile ile. Niseme hapa mtu asihangaike: mtoto alipona. Leo ni msumbufu na anapenda kuimba.

Lakini wakati ule sikujua. Nilibaki chumbani na dada. Kitufe kile ukiendelea kukibonyeza hakinyamazi, naye hakukiachia. Alikuwa anatazama mlango alikopitia mtoto.

“Tumekuja, yaya,” nikapaza sauti. “Tumesikia. Acha sasa.”

Hakuacha. Midomo yake ilikuwa imefunguka lakini hakuna kilichotoka. Kilichokuwa kinatoka kilitoka kwenye dari, na mbele kwangu, na saloni, na kwa majirani wote mpaka chini barabarani. Kiti kikaanza kuyumba chini ya miguu yake. Ningeweza kumshusha. Nilipiga magoti, nikakishika kiti kwa mikono yote miwili kisianguke, nikauweka uso wangu kwenye kitenge chake, nikasikia kitenge kinalowa, na nikamwacha aendelee kubonyeza.