Walivyomwita Teresa Boronga

Neno hili kuboronga silipendi, na msinibishie. Najua linatumika kila mahali. Fundi akishona mkono mmoja wa shati mrefu kuliko mwingine, ameboronga. Mwanafunzi akiandika hesabu zisizosomeka, ameboronga. Hapo sina ugomvi. Lakini sisi wa machimbo ya Osiri tulilichukua tukamvisha mtu, tukamwita Boronga kana kwamba ndilo jina alilobatizwa.

Teresa alikuja kuolewa huku kutoka Mbita, akiwa na mikono ya mtu aliyeshona nyavu tangu utotoni. Sisi wanawake wa kuosha mchanga wa dhahabu tulimwonea wivu. Alizungusha karai taratibu, mchanga ukatoka na maji, dhahabu ikabaki. Kisha alitia zebaki, akaisugua kwa vidole vitupu mpaka ikashikana na dhahabu, akaikamua kwa kitambaa. Sote tulifanya hivyo. Nani angetuambia kwamba ni sumu, na kwamba moshi wake ndio mbaya zaidi?

Miaka ya tisini ikiwa katikati, mikono yake ilianza kutetemeka. Karai likamponyoka, kazi ya asubuhi nzima ikaenda na maji. Mwanzoni tulicheka naye. Baadaye tukamcheka. Mumewe, Javan, alipomwagiwa chai alisema mbele ya wageni, "Huyu kazi yake ni kuboronga tu!" Mama mkwe alipolitamka alimaanisha uvivu. Kanisani walimaanisha pombe, na Teresa hakuwahi kuionja. Iliniudhi, na bado inaniudhi.

Kisha Nicanor, mwenye shimo, akamwonea huruma. "Nyar Mbita," alimwambia, yaani binti wa Mbita, "wacha karai. Kaa tu kwa jiko uchome. Hiyo kazi haitaki mkono."

Teresa alishukuru hadi akalia. Tukawa tunampelekea madonge yetu ya zebaki na dhahabu ayachome kwake, zebaki itoke kwa moshi, dhahabu ibaki. Alichomea ndani, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia, maana dhahabu ikionekana huibwa. Binti yake Scovia, wa darasa la pili, alipenda kukaa hapo karibu na jiko, akiota moto.

Jioni moja nilipeleka donge langu. Scovia alikuwa akimletea mama yake maji, kikombe kikamponyoka kikavunjika. Teresa, aliyelichukia neno lile kuliko sote, aligeuka akafoka, "Mbona unaboronga hivyo, wewe?"

Mtoto akainama kuokota vipande. Hakuweza. Vidole vilimtetemeka, na kila kipande alichoshika kikamtoka. Teresa alimtazama. Akaitazama mikono yake mwenyewe, kisha jiko, ambapo dhahabu ya watu ilikuwa bado inafuka moshi. Alilipiga teke, makaa yakatawanyika sakafuni, dhahabu ikapotelea majivuni na yangu ikiwemo, akambeba mtoto akatoka naye nje.

Kesho yake Osiri nzima ilisema Boronga ameboronga tena. Niliwaeleza nilichokiona. Javan alinijibu, "Mama Risper, mtoto amechukua mikono ya mamake. Tutafanya nini?" Wakampa mtu mwingine jiko.

Shuleni, nilikuja kusikia, walikuwa wamekwisha kumpa Scovia jina. Boronga Mdogo.