Jiko Lisilopigwa Misumari

Tulipojenga nyumba yetu kule Ijuganyondo, fundi seremala alitaka kunitengenezea makabati ya ukutani, yazunguke jiko zima kama picha alizokuwa nazo kwenye simu. Nikamkatalia. Nilitaka makabati mawili na meza, vyote vyenye miguu, na ukuta wangu usiguswe kwa msumari hata mmoja.

"Mama, hilo litakuwa jiko la mpangaji," alisema.

"Fundi, nyumba hii tunamenya ndizi tumekaa chini. Ukishalijaza jiko makabati, wageni wangu nitawakalisha juu ya sinki?"

Alitengeneza huku amenuna. Siku ya kumuaga binti yangu kabla ya harusi, shangazi yangu alifika kutoka Rubya na wanawake wanane na mikungu ya ndizi. Tukasukumia makabati, meza na kila kitu sebuleni. Wakatandika majani ya mgomba sakafuni, wakakaa, visu vikaanza kazi. Nikasimama mlangoni kifua mbele, nikisubiri kusifiwa.

Shangazi alitazama huku na huku, akaridhika.

"Sasa hili ndilo jiko," akasema. "Yale makabati yalikuwa ya nini?"